Jina la Ukoo Kwanza

Mama Adeline alinirudishia fishi yangu mara tatu kabla hajanitazama usoni. Fishi ni kile kikaratasi ambacho kila msomaji wa maktaba ya chuo chetu alipaswa kukijaza akitaka kitabu: mwandishi, kichwa, tarehe, muda, sahihi. Mimi ni mtoto wa mfanyabiashara wa Butembo aliyehamia Kisangani na maduka yake. Nilizoea mtu aombe kitu kwa mdomo apewe juu ya meza. Kwa hiyo niliandika jina la mwandishi lilivyonijia. Yeye akachukua kalamu nyekundu, akalikata.

"Jina ya ukoo kwanza," alisema. "Ya ubatizo nyuma, koma katikati. Jina ya ubatizo haileti mutu. Ba-Augustin beko wangapi mu Kisangani hii? Utaita bote?"

Nilimchukia siku hiyo, sitaficha. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na mitatu, kitambaa kichwani, rula ya mbao mkononi, na rula hiyo haikuwa ya kupimia. Jina lake kamili Bosingo Adeline, mtoto wa Wagenia, wale wavuvi wa pale kwenye maporomoko. Alikuwa ameitunza maktaba ile miaka ishirini, na katalogi ya kadi, droo sitini za mbao, ilikuwa mali yake kuliko ya chuo. Ukimtajia mwandishi, mkono wake ulienda kwenye droo kabla hujamaliza kusema.

Hapo ni mwaka 2002, na jarida jipya kabisa tulilokuwa nalo rafuni lilikuwa la 1989. Vita vilikuwa vimetukata na Kinshasa. Mto ulifungwa, hakuna boti iliyopanda wala kushuka kupita Basoko, na barabara ya Bafwasende ilikuwa ya watu wenye bunduki. Tulisoma sayansi ya miaka kumi na tatu nyuma, tukaikariri kama katekisimu. Wahadhiri wetu walipozeeka, maswali ya mitihani hayakuzeeka nao, maana yalikuwa yale yale.

Ndiyo maana dishi lilipofika tulikusanyika uani wote kana kwamba askofu anashuka. Ndege ya mapadri ilileta dishi na kompyuta mbili, zawadi ya mradi mmoja wa Ulaya. Rolly, fundi aliyekuwa akitengeneza redio za ndege kule uwanja wa ndege wa Bangboka, alilifunga juu ya paa siku nne, akiligeuza nukta kwa nukta huku akimtukana kila setilaiti kwa jina. Masharti ya mradi yalikuwa mafupi. Tungepata bure, kwa miezi mitatu, mlango wa hazina ya makala za kisayansi za dunia nzima. Watu wa mradi waliiita "la base". Sisi tuliiita ghala. Mwisho wa Novemba mlango ungefungwa.

Jenereta iliwashwa Jumanne na Alhamisi, saa nane mchana hadi saa kumi, na mtu mmoja tu aliruhusiwa kugusa kibodi. Unamjua.

Siku ile ya kwanza skrini ilimpokea kwa maneno haya: Bonjour, Adeline, B. Mama Adeline alikunja uso. Alikuwa ameupelekea mradi barua na jina lake kamili, Bosingo Adeline, kama tunavyoandika sote, na watu wa huko ndio waliomfungulia akaunti.

"Baniita Adeline sawa mutoto wa katekisimu," alisema. "Hata madame haiko."

Hasira hiyo ilidumu dakika tano. Akaandika neno moja, jina la Kilatini la samaki mmoja wa mtoni, akabonyeza, tukasubiri. Dakika mbili. Rolly akatoka kuangalia dishi, akarudi. Kisha orodha ikaanza kushuka, mstari kwa mstari, na juu yake namba: 4,112.

Nimeona watu wakishangilia mpira uwanjani. Sijawahi kuona chumba cha watu wazima kikipagawa kimyakimya namna ile. Profesa Célestin, msimamizi wangu, mtu wa suti hata siku ya jua kali, alivua miwani akaivaa tena. Mama Adeline alisimama, akaketi, akasimama. Kisha akavuta kadi tupu na kalamu, akaanza kunakili. Alitaka kila makala iwe na kadi yake katika droo zake. Alifika kadi ya arobaini ndipo alipopiga hesabu kichwani, akaona kuwa angestaafu akiwa kwenye samaki huyo mmoja, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda.

Alijifunza upesi kutushinda sote. Kuweka "na" kati ya maneno mawili kunapunguza, kuweka "au" kunaongeza. Alitueleza hivi: ukitega kikapu mdomo mpana, mto mzima unaingia na magogo yake. Kibane, utapata samaki unayemtaka. Wanafunzi walianza kupanga foleni tangu saa nne wakiwa na fishi zao. Waliokuwa wakiikimbia maktaba sasa walikuja hata wasiokuwa na swali, wakaketi tu kuitazama orodha ikishuka. Mmoja alipata makala ya mwaka uleule, ya mwezi wa tano, akatembea nayo barazani akiwaonyesha watu tarehe.

Zamu ya fishi yangu ilifika wiki ya tatu. Tasnifu yangu ilihusu samaki wa maporomoko: wanaovuliwa leo ni wakubwa au wadogo kuliko wa zamani? Nilikuwa nimepima mitego ya Wagenia mwaka mzima huku baba yangu akinicheka, yeye aliyepata riziki kwa kuwauzia watu wa mtoni makayabu, samaki wa chumvi wa ng'ambo. Namba za leo nilikuwa nazo. Za zamani sikuwa nazo, na Profesa Célestin alinieleza wazi kwamba bila za zamani sina cha kulinganisha. Kwa hiyo niliandika: vipimo vyovyote vya samaki wa maporomoko ya Kisangani kabla ya 1980.

Mama Adeline alikisoma kikaratasi, asikirudishe wala asikigonge muhuri. Alikiweka mfukoni.

"Njoo," alisema, akanipeleka nyuma ya droo zake, akanieleza jambo ambalo wenzangu hawakuwahi kulisikia.

Baba yake, Papa Litale (kwetu si lazima mtoto apewe jina la baba), alikuwa mvuvi aliyejua kusoma. Kituo cha serikali cha samaki kilimwajiri mwaka 1965, na kwa miaka saba alihesabu na kupima kila alichotoa katika kila mtego: idadi, urefu, uzito, tarehe, upande wa mto. Madaftari saba, moja kwa kila mwaka. Alifanya kazi hiyo na daktari mmoja wa samaki kutoka ng'ambo, naye mwaka 1971 alinakili kila kitu, akaaga, akaahidi kuchapisha makala yenye majina yao wawili. Hakuna aliyeiona makala hiyo. Mtaani walimwita Papa Litale "profesa" kwa mzaha, naye alijibu kwa kufungua sanduku lake la chuma na kuwaonyesha madaftari.

Ikaja Juni 2000, majeshi mawili ya wageni yakapigana siku sita juu ya vichwa vyetu. Asubuhi ya siku ya kwanza, kabla ya mabomu, mzee alimwambia bintiye achukue sanduku akalifiche maktabani, chini ya dari ya zege. Mama Adeline alisimamisha toleka, ile teksi ya baiskeli, na mwenye baiskeli akaukataa mzigo. Akamwambia baba yake, "Kesho, papa," akaenda kazini kwa miguu.

Kesho haikuja. Alikwama maktabani siku zote sita, chini ya meza kubwa ya kusomea, amezichomoa droo za katalogi na kuzipanga pande zote ili zisiungue. Alipofika nyumbani, mtaa wa Tshopo ulikuwa umepigwa vibaya. Baba alikuwa hai kwa jirani. Nyumba haikuwepo, na sanduku lilikuwa na majivu ndani.

"Alisema neno moja tu," Mama Adeline aliniambia. "'Umechunga buku ya batu.' Basi. Tangu pale hajasema tena habari ya samaki, ya mbisi. Hata moja. Na mimi siwezi kumuuliza kitu, juu nitamupa tumaini, halafu itakufa tena."

Hata jina la yule daktari hakulijua. Nyumbani aliitwa Docteur tu, na zaidi ya hapo angelazimika kumuuliza mzee.

Basi tuliwinda wawili. Kila Jumanne na Alhamisi, watu wakiisha kuhudumiwa, zikibaki dakika kumi na tano au ishirini, aliandika: Litale. Sifuri. Litale Lokuli, jina la baba yake kama lilivyo katika kitambulisho. Sifuri. Tulijaribu maporomoko na samaki, kwa Kifaransa, tukapata thelathini na saba, hakuna hata moja ya kwetu. Tulijaribu jina la mto la zamani, jina jipya, na lile la katikati. Tulijaribu jina la mji la wakoloni. Kikapu kilikuja na magogo au kilikuja kitupu. Lakini msifikiri tulihuzunika. Ilikuwa raha ya ajabu ile, kama kukanda mfuko ukijua shilingi imo. Niliamka Jumanne nikiwa na maneno mapya kichwani. Yeye alikuja na orodha nyuma ya bahasha. Tulikatizana, tulibishana juu ya "na" na "au", na wanafunzi wakanong'ona kwamba Kyakimwa, yaani mimi, amemroga Mama Adeline, maana sasa alikuwa akitabasamu.

Alhamisi ya mwisho ya Novemba ikafika. Rolly alitangaza kwamba mafuta ya jenereta hayavuki saa tisa na nusu. Mama Adeline alihudumia fishi zote kwanza. Nilitamani kumkaba. Kanuni ni kanuni, alisema, baba yake atangoja zamu kama wote. Tulipoketi ilikuwa saa tisa na dakika tano.

Litale. Sifuri, kama kawaida. Nikainua macho kwa uchovu, yakaangukia pale juu ya skrini: Bonjour, Adeline, B.

"Mama," nikasema, "hawa watu kwa nini wanakuita Adeline?"

"Juu beko bajinga."

"Hapana. Ulijiandika Bosingo Adeline. Wao wanadhani neno la mwisho ndilo la ukoo. Kwao la ukoo linakuja nyuma. Wewe kwao ni Madame Adeline, na Bosingo wamekukata imebaki herufi."

Akasogeza uso hadi kwenye skrini, akaisoma tena ile salamu.

"Papa Litale," nikauliza, "mwaka 1971, kabla ya ile amri, alikuwa nani?"

Kila mtu wa umri wake anaijua amri hiyo. Mwaka 1972 serikali ya wakati ule ilitunyang'anya majina ya ubatizo, ikataka ya mababu peke yake. Adeline mwenyewe alipokonywa lake akiwa na miaka kumi na mitatu, akarudishiwa akiwa mtu mzima. Baba yake, mtumishi wa serikali mwenye nidhamu, hakungoja kuambiwa mara mbili. Alilikata la kwake kwenye kitambulisho kwa mkono wake, akaweka Lokuli mahali pake, na baada ya hapo hakulitumia tena hata kanisani.

"Basile," Mama Adeline alisema polepole. "Litale Basile."

"Basi andika."

"Nitafute mutu na jina ya ubatizo?" Na ninawaapia alisita. Jenereta inakohoa, mlango wa dunia unafungwa leo, na mwanamke yule anasita kwa sababu ya kanuni. "Miaka makumi mbili ninabapiga bana rula juu ya ile."

"Mama."

Akaandika kwa kidole kimoja: Basile, L. Akabonyeza.

Matokeo matatu. La kwanza mtu wa maua. La pili mtu wa moyo. La tatu lilikuwa kwa Kiingereza, na kichwa chake kilikuwa majina ya samaki kwa Kilatini moja kwa moja, bila mji, bila neno maporomoko. Mwaka 1973. Waandishi wawili, daktari wa kigeni, na Basile, L. Mahali pa kazi: Kisangani.

Mama Adeline hakupiga kelele. Alinishika kifundo cha mkono akakibana hivi kwamba alama ilikaa hadi Jumapili. "Ni ye," alisema. "Ni ye, Kyakimwa. Ni papa." Mimi ndiye niliyepiga kelele, katika maktaba, na rula haikunigusa.

Makala ilikuwa na kurasa ishirini na nne, zilizopigwa picha moja moja. Mstari wa kushushia ulianza kutambaa. Asilimia tatu. Asilimia tano. Rolly akachungulia dirishani: "Mafuta iko naisha." Tukazima kompyuta ya pili. Tukazima feni, taa, redio ya mlinzi. Asilimia thelathini. Jenereta ikakohoa. Profesa Célestin, aliyekuja kuuliza kelele ni za nini, alisikiliza maneno mawili tu, akatoka mbio. Tulipomwona tena alikuwa amepiga magoti uani katika suti yake, mpira mdomoni, anavuta petroli kutoka kwenye pikipiki yake mwenyewe na kuitema chini kabla ya kuielekeza kwenye kidumu cha Rolly. Aliondoka kwa miguu siku hiyo, naye hukisimulia kisa hiki mpaka leo kana kwamba ndiye aliyeandika makala.

Asilimia mia. Printa ikaanza kulia, sindano zake zikikwaruza mstari baada ya mstari. Umeme ulizimika ukurasa wa ishirini na mbili. Mbili za mwisho zilikuwa orodha ya marejeo, hatukuzililia. Majedwali yote saba yalikuwa mkononi, moja kwa kila daftari.

Tulipanda toleka mbili hadi mtaa wa Tshopo, Mama Adeline mbele, karatasi amezifunga kwenye kitenge kifuani kama mtoto. Papa Litale alikuwa barazani kwenye kiti, mzee mkubwa wa mifupa, macho yameingia ukungu. Mama Adeline hakumsalimia sawasawa. Alifungua jedwali la tano na kuanza kusoma.

"Machi tarehe kumi na ine, 1969. Mutego ya saba. Upande ya kuume. Mbisi kumi na moja."

Mzee hakusogea. Nilidhani hakusikia.

"Kumi na saba," akasema.

"Papa, iko imeandikwa kumi na moja."

"Docteur alikosea kunakili. Ile siku Ignace, mwenzangu ya kuhesabu, aliumia mukono, nilihesabu mimi mwenyewe. Kumi na saba. Leta kalamu."

Mama Adeline akampa ile nyekundu. Mzee akaisogeza karatasi hadi puani, akakata, akaandika juu yake. "Soma," akasema, na bintiye akasoma, na kila mstari yeye alikuwa na neno: mwaka huo maji yalijaa mapema, samaki huyo alikuwa na mayai, mtego huo ulikuwa wa shemeji yake, mtu mvivu. Aliongea zaidi ya saa nzima juu ya samaki. Mimi niliandika mpaka kidole kikavimba, na sikujali.

Mwishowe akauliza, "Jina yangu iko wapi?"

Mama Adeline akakichukua kidole chake, akakiweka juu ya ukurasa wa kwanza. Mzee aliinama, akalitafuta, akalipata.

"Basile," alisema. "Ile balikataza." Kidole akakiacha pale pale. "Adeline. Ule mutu wa toleka, ile asubuhi. Nilimusikia akikataa. Nilikuwa ku dirisha. Nilikusikia weye unamulomba, mara mbili."

Mama Adeline aliketi chini barazani, akaweka kichwa juu ya goti la baba yake, akalia. Nikaenda kuangalia mahindi ya jirani kwa muda mrefu.

Tasnifu yangu niliitetea mwaka uliofuata. Samaki wamepungua urefu, mkitaka kujua, na kielelezo kimoja kina namba kumi na saba mahali ambapo makala ina kumi na moja, pamoja na maelezo chini ya ukurasa. Mlango wa ghala ulifungwa siku ile ile kama ilivyoahidiwa. Makala ikabaki katika maktaba yetu kwenye jalada la kijani, na Mama Adeline aliiandikia kadi mbili: moja katika droo ya B, nyingine katika droo ya L yenye maneno "Litale: tazama Basile." Ndiyo kadi pekee ya namna hiyo katika droo zote sitini.

Januari, wiki chache baada ya mlango kufungwa, nilikuwa nimekaa naye mezani alipofungua kisanduku cha fishi za wiki. Moja ilikuwa na herufi kubwa zinazopanda mlima, kwa kalamu nyekundu. Kichwa: mbisi za maporomoko. Muda: siku nane. Na kwenye mstari wa mwandishi, mahali pa jina la ukoo, koma, jina la ubatizo, mzee alikuwa ameandika: mimi mwenyewe.

Mama Adeline aliitazama kwa muda. Kisha akavuta muhuri, akagonga.